William Blake, fundi wa shaba aliyefundishwa kazi na mdogo wake marehemu

Katika sanduku la bati nililorudi nalo kutoka Tanzania mwaka 2008 limo daftari moja la shule, jalada lake la samawati limefifia. Si langu. Ni la mdogo wangu, aliyefariki kwa malaria mwaka 1994 akiwa darasa la sita, katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora tulikozaliwa sote wawili. Aliandika kurasa kumi na moja tu: hesabu za sehemu, insha fupi kuhusu mvua, na picha ya baiskeli ya baba. Kurasa zilizobaki ni tupu. Nimefundisha miaka mingi na kujaza madaftari mengi, lakini lile sikuthubutu kuligusa kwa kalamu.

Ndugu msomaji, wewe uliyerudi kama mimi, na wewe unayevuka mpaka na mizigo kila wiki, naamini nawe una kitu cha namna hiyo. Huenda ni kitenge cha mama, huenda ni redio isiyolia tena, huenda ni jembe. Ni kitu cha mtu ambaye hayupo, na hujui ukifanyie nini. Ndiyo maana leo nataka kukusimulia maisha ya William Blake, mshairi na mchoraji wa Uingereza, ambaye naye alifiwa na mdogo wake akabaki na daftari lake. Yeye alijua la kufanya.

Jina la Blake nililisikia mara ya kwanza nikiwa sekondari kule Tanzania. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni shairi lake kuhusu chui mwenye milia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba mtunzi wake alikuwa fundi wa mikono, kwamba alikufa maskini, wala kwamba usiku alikuwa akikaa mezani na penseli kuwachora watu waliokufa zamani. Hayo niliyajua baadaye, nilipokuwa mwalimu na kuanza kusoma kwa hiari yangu.

Mtoto wa muuza soksi

Blake alizaliwa London tarehe 28 Novemba 1757, katika mtaa wa Broad Street, eneo la Soho. Baba yake, James, alikuwa mfanyabiashara wa soksi. Duka lilikuwa chini na familia ikaishi humo humo ndani, kama ilivyo kwa wenye maduka wengi wa miji yetu midogo.

Mtoto huyu alianza kuona visivyoonekana mapema sana. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka minne alipiga ukelele kwa hofu, kwa sababu aliona uso wa Mungu dirishani. Alipokuwa na miaka minane au kumi alikwenda kutembea Peckham Rye, mahali palipokuwa mashambani wakati ule, akarudi nyumbani na habari kwamba ameuona mti uliojaa malaika. Baba yake alitaka kumchapa kwa kosa la kusema uongo. Mama ndiye aliyemwombea, na fimbo ikarudishwa mahali pake.

Hata hivyo, baba huyo hakuwa mtu mbaya. Alipoona mwanawe anapenda kuchora, alimpeleka shule ya uchoraji akiwa na miaka kumi. Ilipofika wakati wa kujifunza kazi, kumweka chini ya mchoraji mkubwa kungegharimu fedha nyingi mno, nao walikuwa na watoto wengine. Ikachaguliwa kazi ya bei nafuu zaidi, ya kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba. Tarehe 4 Agosti 1772 Blake, akiwa na miaka 14, alikabidhiwa kwa fundi James Basire kwa muda wa miaka saba. Baba alilipa gini 50, yaani pauni 52 na shilingi 10.

Wakati ule kamera haikuwapo. Picha nyingi zilizoonekana vitabuni ilibidi kwanza zichongwe mstari kwa mstari kwenye shaba, zipakwe wino, kisha zigandamizwe kwenye karatasi. Ilikuwa kazi ya macho na subira. Fundi akikosea mstari mmoja, siku nzima imepotea.

Basire alimtuma kijana wake katika kanisa la Westminster Abbey kuchora makaburi ya wafalme. Blake alipanda juu ya makaburi yale ili azione vizuri sanamu za mawe zilizolala juu yake, akazichora kwa miaka kadhaa. Mwaka 1774 wataalamu wa mambo ya kale walilifungua jeneza la mfalme Edward wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1307. Baada ya miaka 467 walimkuta bado amevaa mavazi yake ya kifalme. Picha zilizochorwa siku ile zinaaminika kuwa za mkono wa Blake. Msomaji, likumbuke jina la mfalme huyo, maana tutakutana naye tena.

Namna hiyo ndivyo Blake alivyokua, miongoni mwa wafu. Lakini tazama alivyowajia: kwa penseli na rula, akipima urefu wa kila pua na kila kunjo la vazi. Kabla hajawachora wafu wasioonekana, alifundishwa kuwachora vizuri wale walioonekana.

Usiku kumi na nne kitandani pa mgonjwa

Alipomaliza mafunzo mwaka 1779 aliingia shule ya Royal Academy. Tarehe 18 Agosti 1782 alimwoa Catherine Boucher, binti wa mkulima wa bustani wa Battersea. Catherine hakujua kuandika, na kwenye kitabu cha ndoa alitia alama ya msalaba. Blake akamfundisha kusoma, kuandika, kuchapa na kupaka rangi. Mama huyu akawa mshirika wake kazini kwa miaka 45. Watoto hawakujaliwa kupata.

Mwaka 1784 baba alifariki. Blake akafungua duka la kuuza picha pamoja na mwenzake, James Parker, jirani kabisa na duka la soksi la nyumbani. Ushirika ule haukudumu, na wafanyabiashara wanaonisoma wanajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Lakini kulikuwa na faraja moja nyumbani. Mdogo wake Robert, aliyempenda kuliko ndugu wengine wote, alihamia kwao akawa mwanafunzi wake. Robert alikuwa na daftari la kuchorea, akaanza kulijaza.

Mapema mwaka 1787 Robert aliugua. Blake alikesha kando ya kitanda chake karibu wiki mbili, usiku na mchana. Mwezi Februari Robert alikata roho. Blake alieleza baadaye kwamba aliiona roho ya mdogo wake ikiuacha mwili, ikapanda kupita darini huku ikipiga makofi kwa furaha. Kisha akalala, na inasemekana alilala siku tatu mfululizo. Robert alizikwa Bunhill Fields, makaburi ya watu wasiokuwa wa kanisa la serikali.

Wapo watakaosema ni uchovu. Mtu asiyelala siku kumi na nne huona mengi. Huenda ni kweli, nami si mganga wala daktari wa kubishana nao. Ninachotaka kukuonyesha ni kile alichokifanya Blake baada ya matanga.

Shilingi moja na peni kumi

Wakati huo Blake alikuwa na tatizo la ufundi na la fedha kwa pamoja. Alikuwa na mashairi na alikuwa na picha, lakini hakuwa na njia ya kuvichapa pamoja. Maneno yalipangwa na mpiga chapa kwa herufi za risasi, na picha zilichongwa na fundi mwingine kwenye shaba. Zote mbili zilitaka gharama, na mchapishaji wa kuzibeba gharama hizo hakuwapo.

Blake alisimulia kwamba usiku mmoja Robert alimtokea akamwonyesha njia. Achukue bamba la shaba, aandike maneno na kuchora picha juu yake kwa dawa isiyoliwa na asidi. Kisha amimine asidi. Asidi itakula shaba iliyobaki wazi, na maneno pamoja na picha yatabaki yameinuka. Yakipakwa wino yatachapa karatasini. Wachongaji wengi wa wakati ule walikwenda kinyume chake, wakichimba mistari iingie ndani ya shaba. Kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu, Blake alilazimika kuandika kila neno kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto.

Asubuhi Catherine alitumwa sokoni. Inasimuliwa kwamba ndani ya nyumba mlikuwa na nusu krauni tu, yaani shilingi mbili na peni sita, na hizo ndizo fedha zao zote duniani. Akanunua vifaa vya shilingi moja na peni kumi. Shilingi yao ilikuwa na peni kumi na mbili, kwa hiyo alirudi na peni nane. Kwa mtaji huo njia mpya ikaanza kazi.

Mwaka 1789 kikatoka Songs of Innocence, na mwaka 1794 akakiunganisha na Songs of Experience. Blake aliandika, akachora, akachonga na kuchapa, na Catherine akasaidia kuchapa na kupaka rangi. Mwaka 1793 alitangaza bei, shilingi tano kila kimoja. Wanunuzi walikuwa wachache, akatengeneza nakala kwa kadiri walivyokuja. Leo nakala hizo zinatunzwa na majumba ya makumbusho na maktaba kubwa za dunia kama dhahabu.

Na lile daftari la Robert? Blake hakulifungia sandukuni. Aliligeuza akaendelea kuandika na kuchora katika kurasa zilizobaki, akalitumia kwa karibu miaka thelathini. Rasimu za mashairi yake mashuhuri zimo humo, pamoja na lile la chui tulilolikariri shuleni. Mwaka 1847 mchoraji Dante Gabriel Rossetti alilinunua kwa shilingi kumi na nusu, na sasa limo katika Maktaba ya Uingereza, London. Ukilifungua unakutana na mkono wa Robert, halafu wa William, ndugu wawili katika jalada moja.

Mwaka 1800 rafiki yake William Hayley alifiwa na mwanawe kijana. Blake alimwandikia barua ya rambirambi. Alimweleza kwamba yeye alimpoteza ndugu miaka kumi na mitatu iliyopita, na kwamba angali anazungumza na roho yake kila siku na kila saa, akimwona kwa kumbukumbu katika nchi ya fikra zake. Maneno hayo yananigusa, kwa sababu hayajidai kitu. Hakumwambia Hayley kwamba mtoto atarudi. Alimwambia tu kwamba mazungumzo hayajakatika.

Wengine wasioonekana

Isidhaniwe kwamba Blake aliwaona mizimu tu akawasahau watu. Katika mashairi yake wamo watoto wadogo waliouzwa kufagia masizi kwenye dohani za matajiri, askari na makahaba wa London. Watu hao walipita barabarani kila siku, na jiji halikuwaona. Kwa Blake hao nao walikuwa wasioonekana, na kazi ya msanii ni ile ile, kuwatoa gizani.

Hapo Afrika inaingia. Mwaka 1796 kilichapishwa kitabu cha John Gabriel Stedman, askari aliyekuwa Surinam, Amerika ya Kusini, katika vita dhidi ya watumwa waliotoroka. Picha zaidi ya kumi za kitabu hicho zilichongwa na Blake. Zinaonyesha Waafrika wakiteswa: mtu aliyetundikwa kwa ndoana kwenye mbavu akiwa hai, mwanamke aliyefungwa mikono mtini baada ya kuchapwa. Vitendo hivyo vilifanyika ng'ambo ya bahari, mbali na macho ya wanywaji wa chai yenye sukari. Ili zichapwe, ilibidi Blake akae na kila jeraha kwa siku nyingi, akilichonga mstari kwa mstari.

Kwa mawazo ya namna hiyo haikushangaza alipoingia matatani. Mwaka 1800 alihamia kijiji cha Felpham, pwani ya kusini, karibu na Hayley. Agosti 1803 alimkuta askari katika bustani yake, akamtoa kwa nguvu. Askari akamshtaki kwamba amemtukana mfalme, jambo zito wakati wa vita na Ufaransa. Januari 1804, mjini Chichester, mahakama ilimwachia huru. Tayari alikuwa amekwisha kurudi London.

Maonyesho juu ya duka la soksi

Mwezi Mei 1809 Blake alifanya maonyesho ya picha zake. Hakuwa na ukumbi, akatumia vyumba vya juu ya duka la soksi la Broad Street, ambalo sasa liliendeshwa na kaka yake James. Aliweka picha 16. Kiingilio kilikuwa shilingi mbili na peni sita pamoja na kijitabu cha maelezo. Watu waliokuja walikuwa wachache sana. Gazeti moja lilimtembelea, na mwandishi wake akamwita mwendawazimu ambaye hafungwi kwa sababu tu hana madhara kwa wengine.

Pigo hilo lilimuumiza. Miaka iliyofuata alijificha kiasi kwamba baadhi ya waliomjua walidhani amekufa. Lakini hakuacha kuamka asubuhi na kukaa kwenye meza yake ya shaba.

Mzimu wa Kiroboto

Mwaka 1818 kijana mmoja mchoraji, John Linnell, alimtafuta akamletea kazi na marafiki. Mmoja wao alikuwa John Varley, mchoraji wa mandhari, mtu mnene mwenye moyo mweupe aliyeamini sana unajimu. Varley aliposikia kwamba Blake huwaona wafu, alitaka ushahidi. Kuanzia mwaka 1819 wakawa wanakutana usiku nyumbani kwa Varley. Varley alitaja jina la mtu wa kale. Blake alitazama mbele, akanyamaza, kisha akasema yupo. Akaanza kuchora, akiinua macho mara kwa mara kama mtu aliyeketi mbele ya mgeni wa kweli.

Walikuja wafalme, wauaji, manabii, hata mtu aliyejenga piramidi za Misri. Usiku mmoja alikuja William Wallace, shujaa wa Uskochi. Blake alikuwa katikati ya kumchora alipotoweka, na mahali pake akasimama adui yake, mfalme Edward wa Kwanza. Ndiye yule yule ambaye jeneza lake lilifunguliwa Blake akiwa kijana. Blake akabadilisha ukurasa, akamchora naye.

Aliyesifika zaidi ni mzimu wa kiroboto. Blake alisema kiumbe huyo alimweleza kwamba viroboto hukaliwa na roho za watu waliokuwa na kiu ya damu, nao wamewekwa katika umbo dogo ili wasiangamize nchi. Akiwa anachora, mzimu ukafunua kinywa. Blake akaacha picha ya kwanza, akachora kinywa peke yake pembeni, kisha akarudi kumalizia. Baadaye aliutia rangi na dhahabu kwenye ubao mdogo wa mti wa mkangazi, usiozidi sentimita 22 kwa urefu. Jitu lenye misuli, ulimi nje, bakuli la damu mkononi, linatembea jukwaani kati ya mapazia huku nyota zikianguka nyuma yake. Picha hiyo iko katika makumbusho ya Tate, London. Sisi tulioyaona majira ambayo watu waligeuka viroboto hatuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Je, Blake aliwaona kweli? Linnell, aliyekuwapo, alisema Varley ndiye aliyeziamini njozi zile kuliko hata Blake mwenyewe. Na siku moja Blake alisimulia mbele ya watu jambo la ajabu aliloliona. Mama mmoja alipomuuliza ni wapi, ili awapeleke watoto wake wakaone, Blake aligusa paji la uso wake. Hakuwa anadanganya, wala hakudai kwamba kila mwenye macho angeyaona. Alisema yalimo humu, nayo ni ya kweli.

Hapa naomba niseme la kwetu. Baada ya mdogo wangu kufariki, alikuja mtu katika makazi yetu akamwambia mama kwamba marehemu ana neno la kusema. Mama alitoa mbuzi na fedha za mahindi ya msimu mzima. Tulichopata ni hofu, na kutazamana vibaya na jirani ambaye hakuwa na kosa. Tangu siku hiyo nilichukia kila habari ya mizimu. Blake ndiye aliyenionyesha tofauti. Hakumtoza mfiwa hata peni moja ili amletee neno kutoka kaburini. Hakutumia mzimu kumnyooshea mtu kidole. Aliyewatafuta wafu alikuwa yeye, akawalipa kwa jasho lake, na alichopata kwao alikiweka karatasini ili kila mtu akione na kuamua.

Kaburi bila jiwe

Miaka ya mwisho aliishi vyumba viwili vya Fountain Court, karibu na mto Thames. Linnell alimpa kazi ya kuchonga picha za kitabu cha Ayubu, zikatoka mwaka 1826. Kisha akampa kazi ya kumchora Dante, yule mshairi wa Italia aliyesafiri kuzimu kwa njia ya shairi. Blake, mgonjwa tayari, alichora picha 102 na hakuzimaliza. Tarehe 12 Agosti 1827 aliweka kazi pembeni, akamwangalia Catherine, akamwomba akae vile alivyo ili amchore, kwa kuwa amekuwa malaika kwake. Kisha akaimba, na jioni ile akafariki. Alikuwa na miaka 69.

Fedha za maziko zilikopwa kwa Linnell. Alizikwa Bunhill Fields, walikolala wazazi wake na Robert, katika kaburi la kuchangia na watu wengine, bila jiwe la jina.

Catherine alisema mumewe alikuja kila siku, akaketi naye kwa saa mbili au tatu. Mteja alipotaka picha, hakukubali biashara mpaka amshauri kwanza Bwana Blake. Aliishi hivyo hadi mwaka 1831. Baada yake baadhi ya maandishi ya Blake yalichomwa moto na mtu aliyeachiwa, kwa kuyahofia kuwa ya shetani. Hata hivyo mwaka 1863 kilitoka kitabu cha maisha yake kilichoanzwa na Alexander Gilchrist na kumaliziwa na mjane wake, Anne, na watu wakaanza kumjua yule mwendawazimu wa gazeti.

Kaburi ndilo lililobaki limepotea. Mwaka 1927 liliwekwa jiwe la kusema tu kwamba Blake na mkewe wamelala karibu na hapo. Watafiti wawili wa kujitolea walikaa na daftari za zamani za maziko, wakapima uwanja ule mpaka wakapata mahali penyewe. Tarehe 12 Agosti 2018, miaka 191 baada ya kifo chake, jiwe lenye jina lake liliwekwa juu yake. Kilichomrudishia kaburi lake ni kwamba mtu mmoja, zamani, aliandika namba daftarini.

Nilipoisoma habari hiyo nilifungua sanduku la bati. Mdogo wangu amelala chini ya mwembe ng'ambo ya mpaka, na aliyeutambua mwembe huo kwa uhakika, baba, alifariki miaka michache iliyopita. Nimebaki mimi. Wanangu, waliozaliwa huku, hawajui hata upande wa kuelekea.

Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili. Nikachora barabara ya kijiji, kisima, darasa la matofali na njia inayokata mashamba ya tumbaku. Nikachora mwembe. Chini yake niliandika jina na mwaka. Mkono ulitetemeka na rula ikateleza, na mti umetoka mwembamba kuliko ulivyokuwa. Lakini ramani inasomeka. Nimeshaongea na mfanyabiashara mmoja wa hapa kwetu ambaye hufika Tabora kununua mchele. Nimemwandikia nakala, nimempa fedha za mfuko mmoja wa saruji, naye amekubali kupita.

Kurasa nyingine zipo bado. Kesho watoto wangu watakaa mezani nami, nitawatajia majina mengine.